Halloween: Uvishe mlango wako sura nyingine usiku mmoja bila kupoteza dipoziti

JIONI ya Oktoba 31, giza likianza kuingia, watoto wa Marekani hutoka kwa makundi wakiwa wamevaa kama mizimu, wachawi, malkia na mashujaa wa filamu. Kila mmoja ana mfuko au ndoo ya kuwekea peremende. Hawabishi kila mlango. Hutazama baraza kwanza. Taa ikiwa inawaka, wanapanda ngazi. Ikiwa imezimwa, wanapita kando bila kinyongo na kuelekea nyumba ya pili. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu jambo hili, lakini kila mtoto anaijua.

Sasa tuseme wewe ni kijana uliyetoka Kayole au Kisumu, na hii ndiyo Oktoba yako ya kwanza kule Lowell, Massachusetts, au Dallas, Texas, mahali ambapo Wakenya wengi wamejenga maisha. Umekodi nyumba na mwenzako, unafanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku zimekubana, na majirani unawajua kwa magari yao tu. Mlango wa jirani wa kulia umegeuzwa kinywa cha zimwi. Wa kushoto umezungushiwa bandeji kama maiti ya Misri ya kale. Wako uko vile vile ulivyoukuta, mweupe kama ukuta wa zahanati.

Unatamani kushiriki, lakini kuna shida moja. Mlango si wako. Ni wa landilodi, na landilodi ameshikilia dipoziti yako. Massachusetts, kwa mfano, sheria inamruhusu kushika hadi kodi ya mwezi mzima. Hiyo si doo ya kuchezea, hasa ikiwa kuna mdogo wako nyumbani anayesubiri karo. Rangi ikibanduka au msumari ukiacha tundu, siku ya kuhama utaonyeshwa.

Habari njema ni kwamba mlango unaweza kubadilika hadi hata wewe mwenyewe ukaupita, na kesho yake ukarudi ulivyokuwa. Kinachohitajika ni kuanza kufikiria jinsi utakavyoyatoa mapambo kabla hujafikiria jinsi utakavyoyaweka.

Kwa nini mlango?

Sherehe yenyewe ni kongwe kuliko Marekani. Mizizi yake iko Ayalandi na Uskoti, kwenye Samhain, sikukuu ya Waselti ya kufunga msimu wa mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi. Watu waliamini kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu huwa mwembamba. Kanisa nalo lina Siku ya Watakatifu Wote Novemba 1, na jina Halloween linatokana na mkesha wa siku hiyo. Vijana wa Ayalandi na Uskoti walijifunika nyuso na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba au kusema mashairi ili wapewe chakula. Taa zao walizichonga kwenye tanipu. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, ilipowasukuma Waayalandi wengi hadi Marekani, walifika na desturi zao. Huko walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga.

Mwanzoni mwa karne ya 20, usiku huo ulikuwa wa fujo katika miji mingi ya Marekani. Vijana walikuwa wanang'oa mageti ya watu, wanavunja madirisha na kuwasha mioto. Watu wazima wakaona heri wawatulize kwa vitu vitamu na sherehe. Hapo ndipo mchezo wa kubisha na kusema "trick or treat", yaani nipe kitu kitamu au nikufanyie utundu, uliposhika kasi. Ulififia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu sukari ilikuwa ikigawiwa kwa vipimo kuanzia 1942 hadi 1947, kisha ukarudi kwa nguvu.

Ukiangalia vizuri, huo ni mchezo wa hodi. Mtoto anabisha, anasema neno lake, anasubiri karibu. Sisi tuliolelewa nyuma ya geti lenye kufuli na soja, kufungulia watoto wa watu usiowajua usiku ni jambo geni. Lakini kwa mgeni aliyehamia mtaa mpya, huo huenda ukawa ndio usiku pekee wa mwaka ambapo wazazi wa mtaa mzima watafika kwenye ngazi zake na kumsalimia. Ndiyo maana mlango una uzito. Ndio unaowaambia kwamba hapa mnakaribishwa.

Soma mkataba, pima mlango

Kabla ya kununua chochote, fungua mkataba wa nyumba. Kuna majengo yanayokataza kabisa kubandika kitu upande wa nje wa mlango. Kama mlango wako unatokea kwenye korido ya ghorofa, uliza ofisi ya jengo kwanza. Korido ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka, na sheria za moto hazitaki njia hiyo izibwe wala mlango wa kutokea ufichwe usijulikane ulipo. Ukikatazwa, usibishane. Kata sura ya zimwi kwenye katoni, iweke kwenye dirisha lako kwa ndani, washa taa nyuma yake. Watoto wataiona.

Ukiruhusiwa, piga picha za mlango ukiwa mtupu: mbele, kando, chini, na karibu na kila mkwaruzo uliokuwepo kabla yako. Simu itahifadhi tarehe.

Kisha chukua sumaku ndogo ya friji uiweke kwenye mlango. Ikishika, mlango ni wa chuma na kazi yako imekuwa nyepesi mno. Isiposhika, ni wa mbao au wa faiba, na utahitaji mbinu nyingine. Kipimo cha kawaida cha mlango wa mbele Marekani ni inchi 36 kwa 80, yaani sentimita 91 kwa 203 hivi. Shuka bapa la kitanda cha mtu mmoja linaufunika wote na kubakisha kipande cha kukunja.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mlango unafungukia wapi. Nyumba nyingi za Marekani zina mlango wa mbele unaofunguka kwa ndani. Maana yake, ukiufungua, kila ulichobandika kwenye ubao kinaingia ndani nao, na mtoto anabaki akikutazama wewe na fremu. Kumbuka hilo. Litakusaidia.

Njia nne

Ya kwanza ni maiti ya Misri, na ndiyo rahisi kwa mwenye mlango wa chuma. Chana shuka kuukuu jeupe vipande virefu vya upana wa kiganja. Vipitishe kushoto kwenda kulia, vikipandana na kupinda kidogo, visiwe na mpangilio wa askari. Shikilia kila ncha kwa sumaku. Kwenye usawa wa kichwa acha mwanya mweusi, uweke macho mawili makubwa ya karatasi. Basi. Usipende sana ile karatasi laini ya mikunjo ya rangi nyekundu, nyeusi au ya chungwa. Ikipata unyevu rangi hutiririka, na doa lake kwenye mlango mweupe halitoki kwa maombi. Nyeupe haina neno.

Ya pili ni kinywa cha zimwi. Hapa unatumia ule ujanja wa mlango kufunguka kwa ndani. Meno yanabandikwa kwenye fremu ya juu na ya kando, si kwenye ubao. Kata pembetatu za katoni nyeupe, zingine fupi zingine ndefu, lakini za juu zisishuke hadi kugusa kichwa cha mtu mzima. Ubao wenyewe ufunike kwa kitambaa chekundu uwe koo. Macho yakae juu ya mlango. Ukifungua, koo linatoweka, meno yanabaki, nawe unasimama katikati ya kinywa ukiwa umeshika bakuli la peremende. Watoto hufurahi sana.

Ya tatu ni nyumba iliyohamwa. Unaufanya mlango uonekane umepigiliwa mbao na hakuna aliyeingia tangu enzi za babu. Mbao hizo ni katoni, au lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya. Kata vipande virefu, vipake rangi ya kahawia, kisha kwa brashi kavu chora mistari ya mbao na vichwa vya misumari. Vibandike kimshazari. Hapa wengi hukosea: wanabandika ncha moja kwenye ubao na nyingine kwenye fremu, halafu mtoto wa kwanza akibisha, mlango haufunguki au mapambo yote yanang'oka. Kila kipande kikae upande mmoja tu. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Ya nne ni kubadili mlango kabisa uwe ukuta wa matofali, rafu ya vitabu au mti wenye shimo la bundi, na hii inakupeleka moja kwa moja hadi darasa la tatu. Mnakumbuka gundi ya unga tuliyokuwa tukipika nyumbani ya kubandika picha shuleni? Ndiyo hiyo. Koroga vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, umimine kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, uendelee kukoroga hadi uwe uji mzito. Ukipoa, upake mlangoni kwa brashi, weka kitambaa chepesi cha pamba ulichochora, kisha paka uji tena juu yake. Kikikauka kinashika kama kimechorwa hapo. Siku ya kukitoa, kilowanishe kwa maji ya vuguvugu na kitambanduka. Masharti ni mawili: mlango uwe umepakwa rangi laini, si mbao tupu, na uwe chini ya paa, kwa sababu mvua nayo ni maji. Jaribu kwanza kwenye kona ya chini, usubiri siku moja.

Tepu ni ya nani?

Adui mkubwa wa dipoziti yako ni gundi. Selotepu ya kahawia ya kufungia maboksi, ile ya kijivu ya mabomba, tepu ya pande mbili na gundi ya moto vyote vinashika vizuri sana, na hapo ndipo penye shida. Vikitoka, vinatoka na rangi ya landilodi.

Tumia tepu ya mafundi wa rangi, ambayo mara nyingi ni ya samawati. Asili ya tepu za aina hii ni kisa kizuri. Miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni Marekani, na mafundi walitaabika kupaka rangi ya pili, kwa sababu karatasi walizobandika juu ya rangi ya kwanza zilikuwa zikitoka nayo. Richard Drew, kijana aliyefanya kazi katika kampuni ya 3M, aliwaona wakihangaika, na mwaka 1925 akapata tepu inayoshika lakini inayokubali kuachia. Miaka mia moja baadaye, shida yako ni ile ile ya mafundi wale.

Kwa kitu kizito kidogo, kama povu, kuna vibandiko vyenye ulimi wa kuvuta. Futa mlango kwa spiriti ukauke kabisa kabla ya kuvibandika, na ununue vile vya kutumika nje. Fanya kazi hiyo mchana jua likiwa limepanda. Mwishoni mwa Oktoba, miji ya kaskazini huwa baridi, na gundi iliyobandikwa kwenye mlango wa baridi haishiki. Utaamka asubuhi ukute meno ya zimwi yametapakaa barazani.

Visivyofaa kufichwa

Kuna vitu vya mlango ambavyo havifai kufichwa hata kama mapambo yanakudai. Kitasa, tundu la kufuli na tundu la kuchungulia viwe wazi. Namba ya nyumba isomeke kutoka barabarani, maana ambulensi ikiitwa usiku huo haitajua kwamba nyumba namba 14 leo ni kaburi. Upande wa ndani wa mlango usiuguse kabisa. Watu wakihitaji kutoka mbio, wakute mlango wanaoujua. Ukimaliza, funga na ufungue mara tano. Ukisikia chochote kinakwaruza, kipunguze.

Halafu moto. Mlango wako sasa umevaa vitambaa, karatasi na katoni, na mbele yake watakuja watoto wenye mavazi yanayoburuta. Mshumaa usikaribie hapo. Boga likitaka taa, weka ile ndogo ya betri. Povu nalo likishika moto hutoa moshi mbaya sana, kwa hivyo liwe mbali na balbu inayopata joto.

Fikiria pia atakayebisha. Mtoto wa miaka mitatu akiona damu inachuruzika mlangoni hatapanda ngazi, na mama yake hatakushukuru. Kuna wengine ambao peremende zenyewe ni hatari kwao, kwa sababu ya mzio wa karanga au maziwa. Tangu mwaka 2014 kumekuwa na kampeni ya kitaifa ya boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani. Ukiliona mlangoni, ujue nyumba hiyo ina zawadi zisizoliwa, kama penseli na vibandiko vya picha. Boga moja na rangi kidogo, na mtoto ambaye huwa anarudi nyumbani na mfuko ambao hawezi kuugusa atapata kitu kwako.

Na wanaosema ni ushetani?

Swali hili litakuja, kama si kutoka kwako basi kutoka kwa mama kwenye WhatsApp ukituma picha. Wakenya wengi wamelelewa kwenye makanisa yasiyotaka kusikia habari za Halloween, na hata Marekani yapo makanisa yanayoandaa sherehe za mavuno usiku huo huo ili watoto wao waende huko. Imani si jambo la kudharau. Usimlazimishe mwenzako wa nyumba abandike mafuvu kwenye mlango anaoupita akienda ibadani. Zungumzeni kabla ya kununua shuka.

Lakini mlango una nafasi katikati. Rafu ya vitabu haina pepo. Wala mti wenye bundi, wala twiga anayechungulia kutoka juu ya fremu. Mtoto anayebisha hatakuuliza dhehebu lako. Na ukiamua usishiriki, zima taa ya baraza ulale kabla ya shifti. Hakuna atakayekuchukia, maana ndiyo maana ya taa.

Huku Nairobi, Halloween imekuwa zaidi ya mavazi na pati kwenye klabu kuliko kubishiana milango, na ukigonga keja ya mtu Umoja usiku ukiwa umevaa kama mzimu, usitarajie peremende. Hata hivyo milango mingi ya ploti zetu ni ya chuma, na sumaku hazijui mipaka. Mbinu hizi zinafaa birthday ya rumeti wako au Krismasi, na landilodi wa Pipeline anapenda rangi yake kama wa Boston tu.

Novemba mosi

Kazi ya kutoa ifanywe asubuhi hiyo hiyo, kabla jua na mvua havijaipikia gundi hapo. Tepu ivute polepole, ukiikunja iende karibu sambamba na mlango, usiinyakue kwa hasira. Kibandiko cha ulimi kinavutwa kwenda chini kikiwa kimelalia mlango, kinarefuka kama jojo, kisha kinaachia. Ukikivuta kuja kwako, kinakuja na rangi. Kitambaa cha wanga kilowanishe, subiri dakika chache, anzia kona ya juu. Mabaki yafute kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Ukiona alama ya gundi imebaki, spiriti kidogo kwanza mahali pasipoonekana, ndipo kwingine.

Kisha piga picha zile zile ulizopiga mwanzo, kutoka pembe zile zile. Siku ya kuhama, landilodi ana muda uliowekwa na sheria wa kurudisha dipoziti au kueleza alichokata: siku 21 California, siku 30 Texas na Massachusetts. Uchakavu wa kawaida wa mtu kuishi nyumbani si deni lako. Rangi iliyobanduliwa na tepu ya maboksi ni deni lako. Picha za kabla na baada ndizo zitakazowatenganisha.

Ukimaliza, mlango utakuwa mweupe tena kama ukuta wa zahanati. Lakini ukitoka kwenda kazini, yule jirani wa bandeji huenda akakupungia mkono na kukuuliza zile mbao za nyumba iliyohamwa ulizipata wapi. Mwambie ni boksi la televisheni.